Je, Wajua? Ndege Kubwa ya Povu Karibu Yote ni Hewa

Lile povu jeupe linalokuja limeikumbatia televisheni mpya ndani ya boksi, wengi wetu hulitupa siku hiyohiyo. Wapo watu wanaolitazama kwa jicho jingine: wao wanaona bawa. Kwa waya wa moto, msasa, gundi na mota ya umeme hulichonga mpaka likawa ndege ya mfano yenye mabawa ya mita mbili, tatu, hata nne, inayopaa, kukata kona na kutua kwa rimoti. Safari hii safu yetu inaingia karakanani kwao. Funga mkanda.

POVU LENYEWE

Je, wajua kwamba karibu asilimia 98 ya povu hilo jeupe ni hewa? Plastiki yenyewe, polistireni, ni kama asilimia 2 tu. Chukua mchemraba wa povu wenye upande wa mita moja: uzito wake ni kilo 15 hadi 30. Maji ya ujazo uleule ni kilo 1,000. Hata balsa, mti wa Ecuador ulioenziwa na wajenzi wa ndege za mfano kwa wepesi wake, hufika kilo 160 hivi.

Je, wajua kuwa povu lina koo zake? La kwanza ni lile la punje, EPS, la maboksi ya samaki na vifungashio. La pili ni XPS, lisilo na punje, linalouzwa kwa mabamba ya buluu au waridi kwa ajili ya kuzuia joto kwenye kuta za nyumba. La tatu ni EPP, lenye tabia ya mpira, ambalo hujazwa ndani ya bampa za magari. La nne ni EPO, linalopendwa na viwanda vinavyouza ndege zilizokwisha kuumbwa. Kulitambua povu ni rahisi: livunje. La punje litamwaga vishanga. XPS litakatika safi kama biskuti. EPP litajikunja na kukurudia.

Je, wajua kuwa jina Styrofoam lilianza kama alama ya biashara ya kampuni ya Dow ya Marekani? Ni jina la povu la XPS, si la kikombe cheupe cha chai kama wengi tunavyodhani. Mwaka 1942 Walinzi wa Pwani wa Marekani walikuwa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo. Walilitaka kwa ajili ya chelezo za kuokolea watu. Kabla halijapaa, povu lilielea.

Je, wajua kuwa wazo la kuweka kitu laini katikati na ngozi ngumu pande mbili liliwahi kupigana vita? Ndege ya Uingereza iitwayo de Havilland Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 25, 1940, ilikuwa na kiwiliwili cha balsa kilichobanwa katikati ya plaiwudi nyembamba. Anayefunika povu kwa kitambaa cha faibaglasi leo anarudia somo lilelile: cha katikati hakihitaji nguvu nyingi, kazi yake ni kuzizuia ngozi mbili zisikaribiane.

Je, wajua kuwa kuna ndege za povu zinazobeba watu? Mmarekani Burt Rutan, aliyeanza na ndege za mfano utotoni, mwaka 1975 aliirusha VariEze, ndege ndogo ya watu wawili ambayo mabawa yake yalikatwa kwa waya wa moto kutoka kwenye povu, kisha yakavikwa faibaglasi. Haikuhitaji kalibu za kiwandani; mtu aliweza kuijenga gerejini kwake. Miaka ya karibuni Peter Sripol, naye wa Marekani, alijenga ndege ya umeme kwa povu la kuzuia joto la dukani, akaketi ndani yake, akapaa.

WALIOTANGULIA

Je, wajua kuwa ndege ya mfano ilitangulia ndege halisi? Mwaka 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha ndege ndogo iliyoendeshwa na mpira uliosokotwa. Miaka michache baadaye mchungaji mmoja wa Marekani aliwaletea wanawe kijidude cha kuruka chenye mpira wa mtindo huohuo. Watoto hao waliitwa Wilbur na Orville Wright.

Je, wajua kuwa rimoti ilianzia majini? Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo iliyoelekezwa kwa mawimbi ya redio, bila waya wowote. Ndege za mfano zilisubiri hadi miaka ya 1930. Mapacha Walter na William Good wa Marekani waliirusha yao, Guff, mwaka 1937, na leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian.

Je, wajua kuwa Marilyn Monroe alifanya kazi katika kiwanda cha ndege za rimoti? Mwigizaji Mwingereza Reginald Denny alikuwa na duka la ndege za mfano Hollywood. Likazaa kampuni ya Radioplane, iliyotengeneza maelfu ya ndege ndogo za kulengwa shabaha na wanajeshi wa Marekani waliokuwa mafunzoni. Mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia mpiga picha wa jeshi alifika kiwandani hapo, akampiga picha binti mmoja aliyekuwa kazini. Jina lake wakati huo lilikuwa Norma Jeane. Picha hizo zikamfungulia mlango wa umaarufu.

Je, wajua kuwa NASA nao walitegemea mchezo huu? Kabla ya kulibebesha dege la Boeing 747 chombo cha anga mgongoni na kukiachia hewani mwaka 1977, mhandisi wao John Kiker alijenga mifano ya vyombo vyote viwili, akaipandisha kwa rimoti, akaitenganisha juu kwa juu. Waliokuwa na shaka wakaona kwa macho yao.

Je, wajua kuwa ndege ya mfano imekwisha kuvuka bahari ya Atlantiki? Agosti 2003 mzee Maynard Hill, aliyekuwa na umri wa miaka 77 na macho yaliyokaribia kupofuka, aliirusha TAM 5 kutoka Newfoundland, Kanada. Baada ya saa 38 na dakika 52 ilitua Ireland, umbali wa kilomita zipatazo 3,000. Uzito wake ulipoondoka, mafuta yakiwemo, haukufika kilo 5. Ilikuwa ya balsa, si ya povu, lakini somo lake ndilo litakalotufuata mpaka mwisho wa safu hii: wepesi.

HESABU KABLA YA KISU

Je, wajua kuwa ndege ikipunguzwa mara 6, uzito haupungui mara 6? Tuchukue Cessna Grand Caravan, ile ya injini moja ambayo watalii hupanda kwenda Zanzibar, Mafia au Maasai Mara. Mabawa yake, ncha hadi ncha, ni mita 15.87. Ukigawa kwa 6 unapata mita 2.65. Eneo la bawa hugawanywa kwa 6 mara 6, yaani 36: kutoka mita za mraba 26 hivi hadi 0.72. Uzito hugawanywa kwa 6 mara tatu mfululizo, yaani 216: takriban tani 4 za ndege iliyojaa zinakuwa kilo 18 na ushee.

Je, wajua kuwa mjenzi wa povu hazitaki hizo kilo 18? Analenga 8, au pungufu. Sababu iko machoni mwa mtazamaji. Caravan halisi husafiri kwa takriban kilomita 340 kwa saa. Ili ndege ya moja ya sita ionekane kama inakwenda mwendo uleule, yaani ipite urefu wake mara zilezile kwa sekunde, inatakiwa iruke kwa kilomita 57 hivi kwa saa. Ikiwa na kilo 18, mwendo huo ni mdogo kiasi cha kuiweka ukingoni mwa kuanguka. Ikiwa na kilo 8, inaelea kwa raha. Ndiyo maana ndege nzito ya mfano hupita ikikimbia kama nyuki aliyechokozwa, na nyepesi hupita kwa madaha kama ndege yenye abiria.

Je, wajua bawa zima la ndege hiyo lina uzito gani? Ujazo wake ni kama lita 16. Kwa povu la kilo 20 kwa mita ya ujazo, bawa lote, kushoto na kulia, ni gramu 320 kabla ya mhimili na ngozi. Paketi ya sukari ya nusu kilo inalishinda. Lingekuwa gogo la balsa lingefika kilo mbili na nusu, ndiyo maana wajenzi wa balsa huunda mbavu na kuacha uwazi katikati.

Je, wajua kuwa hewa yenyewe haikubali kupunguzwa? Unaweza kuchora Caravan ya moja ya sita, lakini huwezi kuagiza hewa ya moja ya sita. Wanasayansi hulipima jambo hili kwa namba ya Reynolds, iliyopewa jina la Osborne Reynolds wa Manchester aliyechapisha utafiti wake mwaka 1883. Kwa Caravan halisi iliyo safarini namba hiyo iko karibu na milioni 10. Kwa mfano wetu ni kama 300,000. Kwa bawa dogo, hewa ni kama imekuwa nzito na yenye kunata, nayo hubanduka mgongoni mwa bawa mapema zaidi. Hivyo wajenzi wengi hawanakili umbo la bawa la ndege halisi; huchagua jingine linalofaa mwendo mdogo, na mtazamaji wa pembeni hagundui.

Je, wajua kuwa ncha za bawa hupindwa makusudi? Huinamishwa mbele kwa nyuzi kama 2 kuliko sehemu ya karibu na kiwiliwili. Ndege ikipunguza mwendo kupita kiasi, katikati ndipo panapoanza kuacha kubeba, ncha zikiwa bado zinashika hewa. Bila hila hiyo ncha moja huanguka ghafla, na ndege hubiringika karibu na ardhi wakati rubani hana tena nafasi ya kusahihisha.

Je, wajua kuwa kipimo cha kwanza cha ndege kubwa ni mlango? Antonov An-225 Mriya, iliyokuwa na mabawa ya mita 88.4 na kuharibiwa vitani Hostomel, Ukraine, mwaka 2022, ukiipunguza mara 20 bado inakuwa na mabawa ya mita 4.42. Kwa hiyo mabawa hujengwa vipande, vikaunganishwa uwanjani kwa bomba la alumini au la nyuzi za kaboni. Aliyesahau kupima mlango wa chumba, na wa gari, huyo atabomoa alichojenga kwa mikono yake.

WAYA WA MOTO

Je, wajua kuwa bawa la povu halikatwi kwa kisu? Kisu hung'oa punje. Hutumika waya mwembamba wa nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, uliotandikwa kwenye upinde na kupitishiwa umeme wa volti chache. Polistireni huanza kulegea ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, hivyo waya haukati kwa makali. Unayeyusha njia yake mbele kidogo na kupita.

Je, wajua kuwa kazi hiyo huhitaji watu wawili na nidhamu ya wapiga makasia? Kila mwisho wa bonge la povu hubandikwa kiolezo cha plaiwudi chenye umbo la bawa, na ukingo wake umeandikwa namba. Cha upande wa kiwiliwili ni kirefu, cha upande wa ncha ni kifupi, lakini namba ni zilezile. Mmoja hushika mwisho huu, mwenzake ule. "Moja," anaita wa kwanza waya wake ukifika alama ya moja. "Moja," anaitikia wa pili. "Mbili." "Mbili." Wa ncha anakwenda pole kwa sababu njia yake ni fupi, wa kiwiliwili anaharakisha kidogo. Hakuna anayevuta. Wakikimbia, waya unabaki nyuma katikati na bawa linatoka na kiuno. Wakichelewa, joto linakula povu na kuacha mfereji. Kasi nzuri ni kama sentimita moja kwa sekunde mbili. Wakifika mwisho, hufunua bonge kama wanaofunua kitabu, na bawa linakuwa limelala katikati, laini, lina joto la mkate uliotoka tanuri.

Je, wajua kuwa moshi wa kazi hiyo si wa kuchezea? Polistireni ikiungua hutoa mvuke wa stayirini, unaowasha macho na kuumiza kichwa. Fungua madirisha, washa feni, na upepo uwe mgongoni kwako ukielekea nje. Ukiona moshi mwingi, waya una moto kupita kiasi: punguza umeme.

Je, wajua kuwa kiwiliwili hujengwa kama mkate wa slesi? Mjenzi huchukua mchoro wenye sura tatu za ndege, ya juu, ya ubavuni na ya mbele, akagawa urefu wake vipande vya sentimita 5 kwa mfano. Kila kipande hukatwa kwa duara au yai la mahali pake, kikabunguliwa katikati, kisha vyote hubandikwa mfululizo. Grand Caravan ya moja ya sita ina kiwiliwili cha mita 2.1, hivyo ni slesi 42 hivi. Baada ya hapo ni msasa, na msasa, na msasa tena, mpaka ngazi kati ya slesi zipotee.

Je, wajua povu linaogopa nini? Kuvutwa. Ndege ikiwa angani ncha za bawa husukumwa juu: mgongo wa bawa unabanwa, tumbo linavutwa. Povu peke yake lingekatika tumboni kama muhogo mbichi. Kwa hiyo huchimbwa mfereji kutoka shinani hadi karibu na ncha, ukalazwa bomba la nyuzi za kaboni au ufito wa mbao. Huo ndio mhimili. Povu hutunza umbo, mhimili hubeba mzigo. Kila mmoja na kazi yake.

GUNDI NA RANGI

Je, wajua kuwa supaglu ya kawaida hula povu jeupe? Dondosha tone moja juu ya EPS, halafu tazama kwa karibu. Kwanza linang'aa. Kisha povu linazama taratibu kuzunguka tone, kama mchanga wa ufukweni unaopitiwa na maji, na ndani ya dakika una shimo lenye kingo ngumu. Petroli na asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, ni mbaya zaidi: huyeyusha pande zima likabaki utelezi. Salama ni epoksi, gundi ya poliyurethani, na gundi nyeupe ya mbao. Ila hii ya mwisho ina uvivu wake: katikati ya mabonge mawili mapana ya povu haipati hewa, inaweza kukaa siku kadhaa bila kukauka.

Je, wajua kuwa gundi ya poliyurethani huumuka? Hushika kwa kutumia unyevu, hivyo mafundi hupangusa upande mmoja kwa kitambaa chenye maji. Ndani ya saa chache inafura kama maandazi na kuvisukuma vipande visipobanwa. Ndiyo maana utaviona vimechomekwa vijiti vya mishikaki na kufungwa tepu pande zote. Vijiti hivyo havitolewi tena. Hukatwa ncha na kuachwa ndani viongeze nguvu.

Je, wajua kuwa rangi ya kopo la kupuliza yaweza kumaliza kazi ya miezi miwili kwa sekunde mbili? Vimiminika vyake hula polistireni. Wajenzi hutanguliza kitambaa chembamba cha faibaglasi, mara nyingi cha gramu 25 kwa mita ya mraba, kilicholoweshwa epoksi au vanishi ya maji, ndipo wapake rangi. Asiyeweka ngozi hiyo hubaki na rangi za maji za akriliki.

Je, wajua kuwa ribiti za ndege ya povu mara nyingi ni matone ya gundi? Mjenzi huchovya sindano katika gundi nyeupe, akagusa bawa, akaacha kitone. Zikikauka hubaki vichwa vidogo, duara, mstari kwa mstari. Baada ya rangi, mita chache tu kutoka hapo, jicho linaapa kuwa ni bati.

Je, wajua kuwa rangi nyeusi ni adui wa ndege ya povu katika jua letu? Huvuta joto, povu likafura na kuota malengelenge. Ndani ya gari lililofungwa madirisha saa saba mchana, mambo ni mabaya zaidi. Rangi nyepesi na kivuli huongeza maisha ya bawa.

UMEME NA MAWASILIANO

Je, wajua kuwa ndege hii ya kilo 8 inataka nguvu kuliko baadhi ya pasi za nyumbani? Kanuni ya mafundi ni wati 200 hivi kwa kila kilo, yaani wati 1,600. Betri ya lithiamu yenye seli 6 ina volti 22.2, hivyo mkondo unapita ampea 70. Betri moja ya uwezo wa ampea-saa 5 ingekwisha kwa takriban dakika 4 ukiivuta mota kwa nguvu zote. Bahati nzuri nguvu zote huhitajika wakati wa kupaa tu. Safarini nusu yake, au pungufu, inatosha.

Je, wajua kuwa betri hiyohiyo yaweza kukuletea maswali uwanja wa ndege? Nishati yake ni wati-saa 111. Mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu betri za ziada hadi 100 bila maswali. Kati ya 100 na 160 huhitajika idhini yao. Tena hubebwa mkononi, haziwekwi kwenye mzigo wa chini. Ukiwa na ndugu anayekuletea kutoka Dubai, mweleze mapema.

Je, wajua kuwa seli ya lithiamu ina sakafu na dari? Dari ni volti 4.2, sakafu ni 3.0, na mwenye busara hutua kabla haijafika huko. Ikiwekwa kabatini huachwa kwenye 3.8 hivi. Iliyovimba haichajiwi tena, na hata nzima haiachwi ikichaji usiku watu wamelala.

Je, wajua kuwa servo husikiliza amri mara 50 hivi kwa sekunde? Servo ni kile kisanduku chenye mota ndogo kinachovuta vibao vya bawa na mkia. Mpigo wa umeme wa milisekunde 1.5 humwambia akae katikati. Wa 1 humpeleka upande mmoja, wa 2 upande wa pili. Kiungo kikilegea hata kidogo, kibao huanza kutetemeka mwendo ukizidi, na mtetemo huo unaweza kulivunja bawa kwa sekunde chache.

Je, wajua kuwa zamani rubani mmoja aliweza kuiangusha ndege ya mwenzake kwa kuwasha tu rimoti yake? Kila rimoti ilikuwa na chaneli yake, na wawili wakigongana, mmoja alipoteza ndege. Viwanjani kulikuwa na ubao wa vibanio: huna kibanio cha chaneli yako, huwashi. Rimoti za leo za gigahetsi 2.4 hutambuana na kipokezi chake na kugawana nafasi zenyewe.

SIKU YA KURUKA

Je, wajua kuwa ndege hupimwa kwa vidole viwili kabla ya kupimwa na upepo? Weka kidole kimoja chini ya kila bawa, robo hadi theluthi ya upana wake kutoka ukingo wa mbele. Kwa Caravan yetu, yenye bawa la upana wa wastani wa sentimita 27, ni kama sentimita 7 hadi 9. Inyanyue. Ikilala sawa au ikiinamisha pua kidogo, endelea. Ikikaa mkia, rudi nyumbani: yenye pua nzito hukusumbua, yenye mkia mzito huiokoti ikiwa nzima. Gramu moja iliyozidi mkiani huweza kudai gramu mbili au tatu puani.

Je, wajua kuwa ndege moja hiyohiyo huruka tofauti Dar es Salaam na Nairobi? Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Mwendo wa chini kabisa wa kubaki angani hupanda kwa asilimia 8 au 9, na propela nayo hushika hewa kidogo. Aliyejifunzia pwani, akipanda bara, aongeze urefu wa njia ya kupaa.

Je, wajua kuwa ukubwa una sheria zake? Marekani ndege ya mfano inayozidi gramu 250 husajiliwa, kikomo cha kawaida cha uzito ni kilo 25, na sehemu nyingi hairuhusiwi kupita futi 400, yaani mita 122. Kwetu Kenya na Tanzania, mamlaka za usafiri wa anga, KCAA na TCAA, ndizo zenye kauli juu ya vyombo visivyo na rubani. Waulize kwanza, uruke baadaye. Kilo 8 zikija kwa kilomita 57 kwa saa ni hatari, hata zikiwa za povu: mbele kuna propela ya mbao na mota isiyojua kidole ni nini.

Na la mwisho: je, wajua kuwa polistireni haiozi kwa umri wa mjukuu wako, na kuichoma nyuma ya nyumba ni kujaza moshi mweusi kwenye mapafu ya jirani? Basi siku ukinunua friji, usikimbilie kiberiti. Kata kipande kimoja cha urefu wa mkono, kichonge bawa, kiongezee ufito wa mwanzi na pua ya sarafu, usawazishe kwa vidole viwili, kisha kirushe. Kikianguka mkia kwanza, ongeza sarafu. Kikielea hatua kumi, umeshaanza.